Kutoa maji ya kiyoyozi kwenye mashua ya tanga: mwongozo kamili kuanzia kwenye trei hadi baharini

Kila kaskazi ikianza kuvuma, swali ni lilelile: "Fundi, nimemwaga maji kwenye trei yakashuka vizuri kabisa, mbona alfajiri sakafu ya kabini imelowa tena?" Anayeuliza huwa ameshabadilisha mpira, ameshazibua tundu, na pengine ameshanunua hata pampu mpya. Kinachomponza ni namna alivyojaribu: feni imezimwa, mashua imetulia gatini. Lakini maji ya kiyoyozi yanatakiwa yatoke feni ikiwa inavuta na mashua ikiwa inayumba, na hapo ndipo kazi nyingi zinapofeli.

Mwongozo huu ni wa viyoyozi vya kipande kimoja vinavyopozwa kwa maji ya bahari, vile vinavyofichwa chini ya kochi au ndani ya kabati kwenye mashua za tanga zinazotia nanga Kilifi, Mtwapa, Tanga au Msasani.

## Kabla ya kushika bisibisi: hayo ni maji gani?

Mashine hizi zina maji ya aina mbili. Kuna maji ya chumvi yanayosukumwa na pampu ili kupoza kondensa (sehemu ya mashine inayotoa joto), kisha yanarudi baharini. Halafu kuna maji matamu, yaani umande unaojikusanya kwenye koili baridi na kudondokea kwenye trei.

Chukua matone machache ya maji uliyoyakuta sakafuni, uyaweke juu ya kitu cheusi na uyaache yakauke juani. Yakibakiza ukoko mweupe, hayo ni ya chumvi. Funga vali ya maji ya bahari mara moja na ukague mipira na klipu za mfumo wa kupozea, kwa sababu mpira wa maji ya bahari ukichomoka, mashua inaweza kuzama. Yakikauka bila kuacha kitu, endelea kusoma.

Pia pitisha mkono kwenye mabomba ya hewa baridi. Bomba lisilofungwa sponji hutoa jasho, na jasho hilo hudondoka mbali kabisa na mashine. Watu wamehangaika na trei isiyo na kosa lolote wakati tatizo ni bomba.

## Tarajia maji kiasi gani

Mashine ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) huondoa joto la takriban kilowati 3.5. Katika hewa ya pwani, theluthi moja ya nguvu hiyo ikienda kwenye kugeuza mvuke kuwa maji, utapata zaidi kidogo ya lita moja na nusu kwa saa. Ikiunguruma saa 8 bila kupumzika, inajaza ndoo ya lita 10 na kuzidi.

Ukiacha dirisha la sitaha wazi, hesabu hiyo haina mwisho, maana unaikausha hewa ya bahari nzima. Wapo wanaolala hivyo halafu wanailaumu pampu.

## Maji yaende wapi

Usiyaelekeze kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua. Najua mashua nyingi hutoka kiwandani zikiwa hivyo. Maji matamu yakituama ndani ya ngama huozesha mbao, huleta ukungu na harufu, na hula boliti za mkuku (uti wa chini wa mashua) polepole. Tena kuna hatari kubwa kuliko uozo: mpira unaoishia kwenye ngama inayopakana na chumba cha injini au jenereta unaweza kuvuta kaboni monoksaidi na kuipeleka moja kwa moja kwenye hewa ya kabini. Gesi hiyo haina harufu, na aliyelala haamki. Kwa sababu hiyohiyo, mpira wa maji usiishie ndani ya mita 1 kutoka mahali moshi wa injini au jenereta unapotokea.

Njia zinazofaa ni tatu:

- Kushusha maji kwa mteremko hadi kwenye tundu la bodini lililo juu ya usawa wa maji. Ni njia rahisi kuliko zote, lakini kwenye mashua ya tanga mashine huwa chini mno, kwa hiyo ni wachache wanaoiweza.
- Kisanduku kilichofunikwa chenye pampu na swichi ya floti (boya dogo linalowasha pampu maji yakipanda). Hii ndiyo ninayoipendekeza, na ndiyo inayofuatwa katika hatua zilizo hapa chini.
- Venchuri, kifaa kinachotumia mkondo wa maji ya bahari yanayotoka ili kufyonza maji ya trei. Nimeieleza baadaye, pamoja na sababu za kutoipenda sana.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Ukiwa umetia nanga, kukosa elbo moja ni nusu siku ya kupiga makasia kwenda dukani na kurudi.

- Mpira wenye kuta ngumu, kipenyo cha ndani milimita 16, kwa kutoa maji kwenye trei. Mpira laini wa bustani haufai: ukipata joto unalala na kujiziba.
- Mpira wa milimita 19 kutoka kwenye pampu hadi nje.
- Elbo 4 na tii 1 za milimita 16
- Klipu za stenlesi, mbili kwa kila kiungo kilicho chini ya usawa wa maji
- Kisanduku cha lita 4 hadi 6 chenye kifuniko cha kubana, pampu ndogo ya volti 12 na swichi ya floti
- Fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye pampu, waya wa shaba uliopakwa bati, na mpira wa kusinyaa kwa joto
- Thredi tepu, pimamaji, tochi, futi
- Siki nyeupe, brashi ndogo, jagi lenye alama za mililita
- Rangi ya chakula, kwa ajili ya kufuatilia maji yanapopita

## Hatua ya 1: Kata umeme wote

Chomoa waya wa umeme wa gatini na uzime inveta na jenereta. Swichi ya kiyoyozi peke yake haitoshi, kwa sababu mashine hubaki na umeme wa volti 230 kwenye vituo vyake. Kapasita nayo hubaki na chaji baada ya kuzimwa, kwa hiyo usifungue sanduku la umeme la mashine. Kazi hii haihitaji ulifungue.

## Hatua ya 2: Weka mashine sawa, mashua ikiwa kama inavyoishi

Usiiweke sawa mashua ikiwa tupu halafu ukajaza matangi ya maji na dizeli. Jaza kwanza, weka nanga na minyororo mahali pake, ndipo uweke pimamaji juu ya trei, mara moja kutoka omo (mbele) kwenda tezi (nyuma) na mara nyingine kwa upana. Mashua nyingi hulala kidogo kuelekea tezi zikijazwa.

Trei nyingi zina matundu ya kutolea maji zaidi ya moja. Tumia lililo upande wa chini kwa jinsi mashua inavyolala, na mengine yazibe kwa kizibo chake. Ukiweza kuweka kabari nyembamba chini ya miguu ya mashine ili trei ielekee tundu hilo kwa milimita 3 au 4, fanya hivyo.

Dalili ya kufanikiwa: ukimwaga maji kiasi cha bilauri, hayabaki kidimbwi upande wa pili wa trei.

## Hatua ya 3: Safisha trei na tundu

Utakuta utando wa utelezi, rangi ya kijivu au ya waridi. Huo ni ukoga wa bakteria na vumbi, na ndio unaoziba. Usugue kwa brashi na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha suuza.

Usimwage klorini ya kufulia. Hula mapezi ya alumini ya koili, na mvuke wake utalala nao kabini.

## Hatua ya 4: Tengeneza trapu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo usiruke.

Kwenye mashine nyingi za aina hii feni iko nyuma ya koili, inavuta hewa ipite kwenye koili. Maana yake trei iko upande wa kuvutwa. Mpira ukiwa wazi chini, feni huvuta hewa kupitia mpira huohuo, na hewa inayopanda huyazuia maji yasishuke. Trei inajaa taratibu hadi inamwagika. Ukizima mashine, mvuto unakoma na maji yote yanaporomoka kwa mkupuo. Ukisikia mpira unakoroma sekunde chache baada ya kuzima, basi jua huna trapu, au unayo lakini ni kavu.

Trapu ni kona ya U inayobaki na maji muda wote, ikiruhusu maji yapite na kuizuia hewa. Fundi bomba huiweka chini ya kila sinki. Kwa kiyoyozi vipimo vyake ni viwili:

- Kutoka tundu la trei hadi mahali maji yanapovukia upande wa kutokea wa U: milimita 50 kwenda chini.
- Kutoka hapo hadi sehemu ya chini kabisa ya U: milimita 50 nyingine.

Mvuto wa paskali 250 unainua maji milimita 25, na mashine ndogo kwa kawaida haifiki hapo. Ziada iliyobaki ni ya kichujio cha hewa, kwani kikichafuka mvuto unapanda. Nafasi ikikosekana usishuke chini ya milimita 30 kwa kila kipimo, na kichujio ukifue bila kukosa.

Iunde U kwa elbo, usikunje mpira. Mpira wa milimita 16 ukikunjwa kwenye nafasi ndogo hujibana katikati.

Sasa mambo mawili ya mashua ya tanga ambayo vitabu vya viyoyozi vya nyumbani havikuambii. Kwanza, elekeza U ifuate mstari wa mkuku, isikae kwa upana wa mashua. Pili, miguu yake iwe karibu. Mashua ikilala nyuzi 20, miguu iliyoachana milimita 150 kwa upana hutofautiana kimo kwa milimita 51, na hapo maji yote ya trapu yamekwenda. Ikiachana milimita 60, tofauti ni kama milimita 20 tu, na trapu bado inashika.

Mara tu baada ya trapu weka tii, na kwenye mdomo wake wa juu funga kipande cha mpira kinachopanda hadi juu ya kimo cha trei, kikiachwa wazi. Hicho ni cha kupumulia. Kikiwa chini ya kimo cha trei, siku njia ikiziba maji yatatokea hapo.

Kama una viyoyozi viwili, kila kimoja kiwe na trapu yake kabla ya mipira kukutana. Vikitumia moja, kinachofanya kazi kitavuta hewa kupitia kilichozimwa, na utarudi ulikoanzia.

Mwisho, mwaga maji kwenye trei hadi trapu ijae. Trapu kavu haina kazi.

## Hatua ya 5: Pitisha mpira hadi kwenye kisanduku

Mteremko usiopungua milimita 20 kwa kila mita, na ukiweza kupata 40 ni bora. Ufunge mpira kila baada ya sentimita 30 hivi usije ukaning'inia tumbo. Matumbo mawili yakifuatana hunasa hewa katikati yake, na maji hayana nguvu ya kuisukuma.

Pitisha mpira kwa urefu wa mashua, kutoka omo kwenda tezi, kadiri utakavyoweza. Mita moja ya mpira inayokatiza kwa upana huinuka upande mmoja karibu sentimita 26 mashua ikilala nyuzi 15. Hakuna mteremko uliouweka gatini utakaoshinda hapo. Ikibidi ukatize, kisanduku kiwe karibu na mstari wa kati, ili ukibadilisha tanga na mashua ikalalia upande wa pili kisiwe juu ya trei.

## Hatua ya 6: Kisanduku, pampu na njia ya kutokea

Kikaze kisanduku kisicheze. Mpira wa kuingia uwe juu ya kimo ambacho floti huwasha pampu.

Mpira wa kutoka upandishe hadi karibu na dari chini ya sitaha, kisha uushushe kwenye tundu la bodini. Bila kitanzi hicho, siku mashua ikilalia upande wa tundu bahari itarudi ndani kupitia pampu. Kileleni mwa kitanzi weka vali ya kupumua ili maji yasifyonzwe kurudi.

Zingatia hili kwenye floti: pampu ikizimika, maji yaliyo kwenye mpira unaopanda hurudi kisandukuni. Mita 2 za mpira wa milimita 19 hubeba zaidi ya nusu lita. Floti yenye mwendo mfupi itainuliwa na maji hayo, pampu iwake, izime, iwake tena usiku kucha hadi betri iishe. Kisanduku chenye kitako cha sentimita 20 kwa 25, na floti inayopanda sentimita 5 kati ya kuzima na kuwasha, kinakupa lita 2.5, na kelele hiyo haitokei. Wengine huweka vali ya kuzuia maji kurudi badala ya kupima floti. Vali hiyo hukwama kwa ukoga, na ikikwama huijui hadi maji yamwagike.

Fyuzi ikae karibu na betri. Viungo vya waya viwe juu ya kisanduku, kila kimoja kikiwa na mpira wa kusinyaa. Ukiwa na swichi ya floti ya ziada, iweke juu kidogo na uiunganishe na king'ora. Pampu ikifa, utaamshwa kabla zulia halijalowa.

## Hatua ya 7: Jaribu kama inavyotumika

Rudisha umeme, na kichujio cha hewa kiwe mahali pake. Kukijaribu kiyoyozi bila kichujio ni kujidanganya, maana mvuto unapungua.

1. Feni ikiwa imezimwa, mwaga lita moja yenye rangi ya chakula. Inapaswa kutoka yote na kuonekana kisandukuni.
2. Washa feni peke yake kwa kasi ya juu kabisa. Mwaga nusu lita polepole na umulike trei kwa tochi. Maji yakisimama badala ya kushuka, trapu ni fupi au imekauka. Rudi hatua ya 4.
3. Zima feni na usikilize. Ukimya ni ushindi. Mkoromo ni kazi ya kurudia.
4. Wapange watu upande mmoja wa sitaha, kisha upande wa pili, feni ikivuma na trei ikiwa na maji kidogo. Huwezi kuilaza mashua sana hivi, lakini mpira unaokatiza vibaya utajionyesha.
5. Washa ubaridi wenyewe kwa saa moja, mlango na madirisha yamefungwa, na upime kwa jagi maji yaliyoingia kisandukuni. Usiku wenye unyevu, mashine ya BTU 12,000 ikitoa chini ya nusu lita huku ubaridi ukiwa haukatiki, angalia kama kuna maji yanayopotelea pengine.

## Kama umechagua venchuri

Venchuri hukaa kwenye mpira wa maji ya bahari yanayotoka. Mkondo ukipita kwenye shingo nyembamba huongeza kasi, presha inashuka, na maji ya trei yanafyonzwa. Haihitaji pampu wala floti, na ndiyo maana inapendwa.

Udhaifu wake: inafanya kazi tu pampu ya bahari ikisukuma. Kichujio cha maji ya bahari kikijaa mwani, mkondo unalegea na ufyonzaji unakufa kimyakimya huku ubaridi ukiendelea. Mbaya zaidi, tundu la kutokea likizibwa na chaza, maji ya chumvi hurudi kupitia venchuri na kujaza trei. Ukiitumia, weka vali ya kuzuia maji kurudi karibu na venchuri, uikague kila mwezi, na utii masharti ya mtengenezaji kuhusu kimo na upande wa kuielekeza. Kwa mashua inayokaa kwenye hori lenye matope, mimi siiweki.

## Bado inavuja? Soma dalili

- Inavuja tu ikiwa imewashwa: trapu.
- Inavuja ukianza safari, siyo ukiwa umetia nanga: trei ilikuwa na maji yaliyobaki. Zima ubaridi nusu saa kabla ya kupandisha tanga ili trei imalize kudondoka.
- Maji yanaruka kutoka kwenye njia ya hewa kama manyunyu: mapezi ya koili ni machafu au feni ina kasi mno, matone yanapeperushwa kabla ya kufika kwenye trei. Safisha koili, punguza kasi.
- Barafu kwenye koili, kisha mafuriko ukizima: hewa haipiti vya kutosha au gesi imepungua. Kichujio kisafishe wewe. Gesi mwachie fundi wa mafriji.
- Harufu ya moshi kabini jenereta ikifanya kazi: zima jenereta, toka nje na utoe watu wote, kisha ndipo utafute. Na hata kama hujasikia harufu, king'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo kila kabini yenye kitanda.

## Matunzo

Kila mwezi wa matumizi, fua kichujio cha hewa na umwage nusu lita ya siki yenye maji kwenye trei, uiache robo saa, kisha suuza kwa maji matamu. Fungua kisanduku, ondoa ukoga kwenye floti, na uinue kwa kidole usikie pampu ikiwaka.

Mashua ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa kiyoyozi, trapu hukauka. Kabla ya kuwasha tena, mwaga bilauri mbili za maji kwenye trei. Andika jambo hilo kwa kalamu isiyofutika juu ya kabati la mashine, maana atakayeiwasha mara nyingi siye aliyeifunga.